Meli Nyeupe na Siku Zetu 21



Mwezi wa Januari matawi yetu ya Busia na Tororo yalituma wajumbe saba kwenda Mombasa kuhudhuria mafunzo ya wawakilishi wa wafanyakazi. Tulikuwa watatu wa viwandani na wanne wa mashamba ya miwa. Basi lilitembea usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, tukashuka miguu imevimba kama ya mtu aliyesimama zamu mbili. Habari za mafunzo yenyewe zitatolewa kwenye mikutano ya matawi. Hapa tunataka kueleza jambo tuliloliona nje ya ukumbi. Tangu turudi limekuwa likizungumzwa chini ya miembe ya Matayos na kwenye kantini za Tororo, na kila anayelisimulia analitia chumvi yake. Afadhali tuliandike kama lilivyokuwa.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa Likoni, ndani ya feri, tukivuka kwenda kumjulia hali mwenzetu mmoja aliyestaafu. Feri ilikuwa imejaa watu, mikokoteni, kuku na magari, lakini haikuondoka. Watu wakaanza kuguna. Ndipo tukaona sababu. Meli nyeupe, ndefu kuliko kituo chote cha magari ya mizigo pale Busia, ilikuwa inaingia Kilindini polepole, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha hayahesabiki. Juu kabisa walisimama wazee wa Kizungu wenye nywele nyeupe, wamevaa kaptula, wanatupungia mikono. Sisi nasi tukawapungia. Mwenzetu mmoja wa sehemu ya tanuri alihesabu ghorofa mpaka kumi akaacha, kisha akauliza kwa sauti: "Hawa wanaingia zamu saa ngapi?"

Feri nzima ilicheka. Lakini swali lile halikutuondoka, na kesho yake tulikwenda kuwauliza wenzetu wa bandarini.

Walitueleza hivi. Kuanzia Novemba mpaka karibu na Aprili, meli za namna hiyo hufika Mombasa, Zanzibar, Shelisheli na Morisi. Zinatoka kwenye baridi. Kwa mfano, katika mji wa Southampton, Uingereza, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 jioni, na hilo ndilo jua lenyewe, likiwa limejificha nyuma ya mawingu. Hamburg, Ujerumani, mchana ni mfupi zaidi. Mzee asiye na kazi ya kumpeleka nje hukaa ndani miezi minne akichoma fedha kwa kupasha nyumba moto. Basi mwenye uwezo hukata tikiti ya meli na kulifuata jua liliko. Wengi hawafiki mbali kama huku kwetu. Kutoka Southampton meli hukata Ghuba ya Biskay, ambako mawimbi ya majira ya baridi huwalaza watu kitandani, kisha baada ya siku nne hivi inafika Madeira, kisiwa cha Wareno, au visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Hispania ingawa viko karibu kabisa na pwani ya Afrika. Huko, mwezi wa Januari, joto la mchana ni kama nyuzi 20. Sisi tungevaa sweta. Wao huvua mashati.

Sisi tunaoishi chini ya Mwamba wa Tororo hatujawahi kufikiri kwamba jua ni bidhaa. Kwetu jua ni kitu cha kukikimbia saa 7 mchana ukiwa na panga mkononi katikati ya miwa. Lakini huko linauzwa, na lilianza kuuzwa zamani. Mwaka 1891, tarehe 22 Januari, meli ya Kijerumani iitwayo Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven, bandari iliyo kwenye mlango wa mto wa Hamburg, ikiwa na abiria 241, kwenda kutembea bahari ya Meditarania kwa karibu miezi miwili. Aliyebuni safari ile ni Albert Ballin, mkubwa katika kampuni ya meli za kwenda Marekani. Hakuibuni kwa mapenzi ya jua. Wakati wa baridi abiria wa Marekani walikuwa wachache, na meli iliyofungwa gatini inakula fedha bila kuleta. Tajiri yeyote anaelewa hesabu hiyo: mashine isisimame. Tukumbuke pia kwamba miezi michache kabla ya hapo, Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walikuwa wametia sahihi mkataba wa kugawana nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Matajiri walikuwa na shughuli nyingi miaka ile.

MELI ILIYOITWA UGANDA

Wengi wetu hatukujua kwamba ilikuwapo meli yenye jina la Uganda, nchi isiyo na bahari. Iliundwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952, na dada yake iliitwa Kenya. Zilikuwa zikitoka London, zikipita Suez na Aden, zikishuka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam mpaka kusini. Waliopanda ni maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi, wamisionari na wafanyabiashara. Ofisa akishamaliza zamu yake ya zaidi ya miaka miwili Afrika alipewa likizo ya miezi kadhaa, mshahara ukiendelea, na nauli ya meli yeye na mkewe ililipwa na serikali. Yaani ililipwa na kodi. Na kodi ilitoka wapi? Wazee wa Bukedi na Samia waliolima pamba watajibu.

Kwa hiyo isisemwe kwamba serikali za wakati ule hazikujua likizo ni nini. Zilijua vizuri sana. Zilijua mpaka daraja la chumba ambacho mtu anastahili kulala.

Ile meli ya Uganda iliacha njia ya Afrika mwaka 1967, ndege zilipoinyang'anya abiria. Ikageuzwa kuwa meli ya matembezi ya wanafunzi wa shule za Uingereza, wakilala kwenye mabweni ndani yake. Mwaka 1982 ikafanywa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland. Mwaka 1986 ilipelekwa Taiwan kuvunjwa vyuma, lakini kimbunga kikaitupa ufukweni kabla ya mafundi kuifikia. Hayo tunayasema tu kwa kuwa jina ni letu.

MZEE WA KIWANDA CHA MAGARI

Tulidhani wote waliokuwa juu ya ile meli nyeupe ni mabwanyenye. Tulikosea, na ni vizuri kukiri. Asubuhi ya siku ya nne tulitembea Mji wa Kale, na karibu na Ngome ya Yesu tulimkuta mzee mmoja wa Kiingereza ameketi kivulini na fimbo yake, wenzake wamekwenda kununua vinyago. Kijana anayetembeza wageni alitutafsiria. Mzee alipoona beji za chama vifuani mwetu alicheka, akagonga kifua chake akasema naye alikuwa na beji kama hiyo kwa miaka 31, katika kiwanda cha kuunda magari. Alikuwa fundi wa kupiga rangi. Mapafu yake yalimwambia aache kabla ya umri.

Tulimuuliza amepataje fedha za kupanda meli kama ile. Akasema ana pensheni ambayo chama chake kilipigania, na huweka akiba mwaka mzima, maana hanywi na hana gari. Ajabu, mtu wa kiwanda cha magari! Mara ya kwanza alikwenda Canary pamoja na mkewe. Sasa mkewe amefariki, naye alitaka kuona Zanzibar kabla ya magoti kukataa.

Kisha akatugeuzia swali. Nyinyi sheria yenu inawapa likizo siku ngapi? Tukajibu kwa haraka na kwa fahari: siku 21 za kazi, Kenya, na Uganda ni 21 vilevile. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba si haba. Akauliza: mwaka jana mlikwenda wapi?

Ndugu zetu, watu saba tulitazama chini. Mmoja alikuwa amekwenda kwenye matanga ya shemeji yake, siku tatu, akarudi kazini. Waliobaki hatukuwa tumekwenda popote, kwa sababu hatukuwa tumechukua likizo. Tuliiuza. Mwenzetu wa tanuri, yule aliyeuliza habari za zamu, alisema polepole kwamba katika miaka 14 ya kazi ameuza likizo 11. Sisi tunaoandika haya hatumsemi yeye peke yake. Tunasimama majukwaani kueleza haki, na fomu zetu wenyewe zimeandikwa "amelipwa". Fedha ziliingia karo na mabati. Hatuoni haya kwa karo na mabati, lakini tuliona haya mbele ya yule mzee.

LIKIZO HAIKUSHUKA KUTOKA MBINGUNI

Huko Ulaya pia mfanyakazi hakupewa siku za kupumzika kwa huruma. Mwaka 1936, Mei na Juni, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa mamia ya maelfu, wakakaa ndani ya viwanda vyao, wakalala kando ya mashine. Katika Juni ileile ilipitishwa sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Uingereza ilifuata na sheria yake mwaka 1938, nayo ilianza na wiki moja tu. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, mwaka 1936 liliweka mkataba wa siku 6 za kazi kwa mwaka, na mwaka 1970 mkataba mwingine wa wiki 3. Mkataba huo wa 1970 unasema wazi kwamba mapatano ya kuacha likizo ya chini ya kisheria kwa kubadilishana na fedha hayafai. Waliouandika walikuwa wanatujua.

Iko pia hadithi nyingine ambayo mafunzoni hatukuambiwa, tuliisoma baadaye. Tarehe 2 Mei 1933, Hitler alipokuwa ameshika nchi, watu wake walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi Ujerumani nzima, wakawafunga viongozi na kuchukua fedha za wanachama. Mwaka uleule wakaunda shirika lao la starehe za wafanyakazi, ambalo jina lake maana yake ni Nguvu kwa njia ya Furaha. Shirika hilo lilikuwa na meli. Liliwapeleka watu Norwei, na wakati wa baridi likawapeleka wengine mpaka Madeira, kwa bei ndogo, picha zikapigwa, magazeti yakaandika jinsi mfanyakazi wa Ujerumani anavyostarehe kama bwana. Hata hivyo waliopata nafasi za Madeira zaidi walikuwa makarani, maofisa na watu wa chama tawala. Meli yao kubwa, Wilhelm Gustloff, ilianza matembezi mwaka 1938. Januari 1945 ilizamishwa vitani na maelfu ya wakimbizi ndani yake.

Tunaleta habari hiyo kwa sababu karibu na sisi yuko mwajiri ambaye kila Desemba huwapa watu wake mchele, fulana na soda, akakodi na matarumbeta, na mwaka mzima hataki kumwona mwakilishi wa wafanyakazi ofisini. Mchele tunaula. Lakini mwaka anaoamua kutotoa, hakuna wa kumdai.

WANAOOSHA SAHANI

Turudi kwenye meli. Kila mzee anayepunga mkono juu, yuko mtu chini anayemtandikia kitanda. Tulirudi Busia tukamtafuta kijana mmoja wa upande wa Samia ambaye amefanya kazi katika meli za namna hiyo mikataba miwili. Jina lake tunalihifadhi kwa kuwa anataka kurudi. Alitusimulia jioni nzima, na mama yake akituletea chai.

Alikuwa jikoni, kisha akapandishwa kuwa msafisha vyumba. Meli ilichukua abiria kutoka bandari ya baridi ya kaskazini, ikawashusha visiwani, ikawarudisha, ikachukua wengine siku hiyohiyo. Kwa abiria ni siku 14 za maisha yake. Kwa kijana ni miezi 8 bila siku moja nzima ya kupumzika. "Wazee," alituambia, "visiwa nimeviona kupitia mlango wa mizigo." Madeira alishuka mara nne, saa mbili mbili, akakimbilia mahali pa kupiga simu nyumbani. Chumba chake kilikuwa chini ya maji, hakina dirisha, wanalala wawili, mmoja Mfilipino. Walielewana vizuri, na mpaka leo wanaandikiana.

Lakini pia alituambia ukweli mwingine ambao hatuwezi kuuficha eti kwa sababu hautufurahishi: kwa miezi ile 8 alijenga nyumba ya matofali na kumsomesha dada yake. Hapa kwetu asingeweza. Kwa hiyo hatumwambii kijana yeyote asiende. Tunasema aende akijua.

Jambo la kwanza la kujua ni bendera. Meli ya matajiri wa Marekani au wa Ulaya mara nyingi husajiliwa Panama, Bahamas au Malta, na sheria ya ndani ya meli huwa ya nchi ya bendera. Ni kama mwajiri wa Tororo angeruhusiwa kuchagua sheria ya kazi ya nchi yoyote anayoona ni nyepesi. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, limepigana na bendera hizo tangu mwaka 1948 na bado linapigana. Lakini tangu mwaka 2013 unafanya kazi Mkataba wa Kazi za Baharini, uliokubaliwa Geneva mwaka 2006, na Kenya imeuridhia. Mkataba huo unasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Unampa likizo ya malipo ya siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa kazi. Mkataba ukiisha, mwenye meli ndiye anayelipa nauli ya kumrudisha nyumbani. Kijana wetu alipousikia mstari wa saa 10 alicheka, akasema kwenye daftari la meli saa zake zilikuwa zinaandikwa hivyo hivyo, 10 kamili, kila siku.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga bandari, abiria walirudishwa makwao kwanza, na mabaharia wengi wakabaki melini miezi mingi, wengine bila mshahara. Yeye wakati huo alikuwa nyumbani, kwa bahati.

Jambo la pili ndilo lililotufanya tuandike kwa hasira. Wako watu wanaopita katika mji wetu, upande wa Sofia na upande wa Marachi, wakiwaambia vijana kwamba wana nafasi za kazi katika meli za watalii. Wanavaa vizuri. Wana fomu zenye picha ya meli. Wanadai fedha za "usajili", kisha za "mafunzo", kisha za "viza". Mtoto wa mwanachama wetu mmoja, mkata miwa, alitoa shilingi 85,000 za Kenya zilizotokana na kuuza ng'ombe wawili na kukodisha kipande cha shamba. Aliambiwa aende Mombasa tarehe fulani akutane na mtu getini. Alikaa pale getini siku mbili. Simu ya yule wakala haikupokewa tena. Kijana alirudi kwa lori la chumvi, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Basi isikike kote, kutoka Malaba mpaka Sio Port: kwa Mkataba wa Kazi za Baharini, wakala hana ruhusa ya kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Kinachoweza kuwa juu ya baharia ni hati ya daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Mawakala wa mabaharia Kenya hupewa leseni na mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya bahari, ambayo makao yake ni Mombasa, na mtu anaweza kuuliza kama jina fulani limo. Anayekutaka ulipe ili uajiriwe, hata akikuonyesha meli kumi kwenye karatasi, muulize leseni yake mbele ya watu. Afadhali uende na mwakilishi wa chama. Wanaogopa sana kuonwa na watu wawili.

SIKU 21 ZENYEWE

Baada ya kurudi tulifanya mkutano wa pamoja Busia, na wenzetu wa Tororo walikuja wengine kwa matatu na wengine kwa bodaboda, neno ambalo inasemwa lilizaliwa hapahapa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya mpaka na mpaka. Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema wazi: likizo ya nini kama mfukoni hamna kitu? Ukikaa nyumbani unakula zaidi. Hoja hiyo si ya kijinga, na aliyeitoa ana watoto sita.

Lakini tulipiga hesabu ubaoni. Kiwanda chenye wafanyakazi 100 kina siku 2,100 za likizo kwa mwaka. Mtu mmoja akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, siku hizo 2,100 ni kazi ya watu 7. Tukiziuza zote, vijana 7 wanabaki nje ya geti, na sisi wenyewe tunawalalamikia kwamba wanavunja bei ya kazi. Mkutano ulinyamaza kidogo hapo.

Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12, kwa mshahara kamili. Likizo yaweza kugawanywa mkikubaliana, lakini, mapatano yasiposema vingine, sehemu moja lazima iwe wiki mbili za kazi mfululizo, isikatwe, na ichukuliwe ndani ya ile miezi 12. Anayeachishwa kazi baada ya miezi miwili au zaidi anadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Kwa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inahesabu siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Mapatano ya pamoja yakitoa zaidi, chukua zaidi. Wenzetu wa Tanzania wanahesabiwa siku 28, ingawa wao huhesabu na Jumapili ndani, kwa hiyo tusiwaonee wivu bure.

Kibarua naye asikae kimya. Kenya, kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja ana njia ya kisheria ya kuhesabiwa kama mwajiriwa, na akifika miezi miwili anastahili masharti ya mwajiriwa, likizo ikiwamo. Uganda, kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua asizidi miezi minne bila mkataba wa maandishi. Wale wanaofutwa siku ya mwisho ya mwezi na kuandikwa upya kesho yake, walete kadi zao ofisini. Kadi zote, hata zilizochanika.

Ndugu zetu, meli hatuna. Ziwa tunalo. Wazee wanakumbuka kwamba reli ya Waingereza hapo mwanzo ilipangwa iishie Port Victoria, hapa hapa kwetu, kabla hawajabadili mawazo wakaipeleka Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Lau wangeshikilia mpango wa kwanza, labda leo meli zingefunga gati kwetu na sisi tungekuwa wachukuzi. Mkutano ulipendekeza wanachama na jamaa zao waende siku moja ziwani wakati wa likizo za shule za Agosti. Mtu mmoja alitaja kisiwa cha Mageta. Wazee walikataa: Mageta ilikuwa kambi ya wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, na watu walipelekwa huko kwa mashua bila kuulizwa. Ikapita Majanji, upande wa Uganda, pwani yenye mchanga, karibu, na wa Kenya watavuka kwa vitambulisho vyao.

Nauli ya lori ni shilingi 300 za Kenya kwa mtu mzima, au kiasi kama hicho kwa fedha ya Uganda. Watoto ni bure. Kila jamaa ije na chakula chake, mama wa Nambale wamejitolea samaki. Atakayetaka kupanda mashua asipande bila jaketi la kuokolea, na mwenye mashua asiye na majaketi hatutampa kazi. Daftari la majina liko kwa katibu wa tawi. Jina la kwanza ni la mwenzetu wa tanuri, yeye, mkewe na watoto watano. Siku aliyoandika jina alipeleka pia fomu ya likizo yake, wiki mbili mfululizo, kwa msimamizi wake. Mpaka tunapeleka maandishi haya kupigwa chapa, fomu ilikuwa bado haijatiwa sahihi, na Jumatatu tunakwenda kuifuata.